Nilivyofika Kirungu na Sabuni badala ya Simu

Nianze na aibu yenyewe, ili musiipate kwa mudomo ya muntu mwengine: nilisema "allô" kwa kipande ya sabuni. Ndani ya kanisa. Katikati ya misa, pale padri amenyamaza na watu wote wamenyamaza naye. Nilitoa sabuni mufukoni, nikaiweka kwa sikio, nikasema "Allô, ni nani?" Na sauti yangu munaijua, haijajifunza kunong'ona.

Bon, muchekeni kwanza. Nangoja.

Tangu nirudi munaniuliza kila mahali. Mmoja kwa mulango ya oditwari ya masomo: "Ulikuwa wapi?" Mwengine kwa foleni ya fotokopi: "Juu ya nini ulizima simu?" Wa tatu anakuja na uso ya musiba: "Kaka, na Mado ilikuwa nini?" Nimechoka kuisema vipandevipande. Naandika mara moja, musome wote, muniachilie.

Kwa wale hawanijui vizuri: mwaka wa pili wa chuo ninaufanya sasa mara ya pili, na kwa mwendo huu nitazeeka ndani yake. Mado njo muchumba yangu. Yeye iko mwaka wa tatu, juu yeye anapita mitihani. Kwao ni Kirungu, kule juu ya milima ya Moba, na kwao neno la kuoa haliko kwa baba, liko kwa mujomba. Mado aliniambia: "Mujomba anataka akuone uso kwa uso, siku ya Mungu, misa ikiisha. Akikubali, tutaendelea. Akikataa, mimi sitapigana na mujomba."

Kwa hiyo safari yote ilikuwa ya kwenda kuonekana. Na Mado, muntu wa mupango, alinitumia kila kitu kwa simu: jina ya mujomba, namba yake, njia ya kufika nyumbani, hata namna ya kusalimia, yote kwa audio moja ndefu. Niliisikiliza nusu. Nilisema nitasikiliza yote nikifika. Ya nini kusumbua kichwa, na simu iko?

Kalemie: boti inaondoka sasa hivi

"Inaondoka sasa hivi," kapiteni alisema asubuhi. Tulipanda mbio. Nilikuwa nimechaji simu mpaka juu kabisa, na pawabanki ya kuazima pia nilikuwa nayo, ile ya Trésor, rafiki yangu tunalala naye chumba kimoja. Nilituma kwa group ya promosiyo, ile WhatsApp ya wale tulianza nao chuo, Mado pia iko ndani, picha ya mguu yangu kwa ubao ya boti: "Ziwani." Boti ilikuwa bado imefungwa kamba.

Kisha tukangoja mbuzi. Muntu mmoja alikuwa amelipia nafasi ya mbuzi, na mbuzi walikuwa wanakuja. Nikatuma: "Bado Kalemie." Jua likapanda. Mbuzi wakafika, lakini mwenyewe hakufika. Nikatuma picha ya mbuzi. Mwenyewe akafika akasema amesahau mufuko ya unga. Nikatuma sauti ya kapiteni akitukana. Muntu mmoja wa group akaweka uso ya kucheka, nikaangalia ule uso kama vile amenipa zawadi.

Mado akaandika: "Usimalize bateri."

Nikamujibu kwa audio.

Ziwani: Mama Feza ananijua

Tulipoondoka, karibu yangu, juu ya mifuko ya chumvi, alikaa mama moja munene, kitambaa kwa kichwa, macho ya kuuliza. Alikuwa ametoka kununua bidhaa Kalemie, anarudi kijijini kwake katikati ya njia. Akaniuliza: "Wewe mutoto ya nani?"

Nikamujibu bila kuinua macho, juu kulikuwa bado rezo kidogo ya simu na mimi nilikuwa naikamua.

"Nakuuliza, mama yako ni wa ukoo gani?"

Nikasema ukoo. Weee! Huyo mama alipiga makofi mpaka mbuzi wakaruka.

"Kumbe mutani yangu! Watu wa boti, muangalie mutani yangu! Njo maana ananuka hivi!"

Kwa wale walizaliwa karibu na feni: ukoo wa mama yangu na ukoo wa huyo mama ni watani. Babu zetu walikuwa wanazikana, na mpaka leo mutani anaweza kukutukana mbele ya watu, kukuambia kichwa yako ni kama chungu, kubeba kitu yako ukiona, na wewe unacheka. Ukikasirika umemupatisha mama yako haya, na kuku utalipa. Hiyo nilifundishwa tangu mutoto. Nilikuwa najua nusu, lakini nusu ya pili nitawaambia pale nami niliambiwa.

Mama Feza, njo jina yake, akanyoosha mukono akachukua simu kwa vidole vyangu, polepole, kama vile anatoa muiba kwa samaki.

"Hii kioo unaiangalia tangu Kalemie, na uso yako haigeuke kuwa muzuri. Naibeba."

Akaifunga kwa kona ya kikwembe, kitenge yake, akaizungusha kiunoni, akakaa.

Nikacheka. Boti yote ikacheka. Nikangoja arudishe. Akanipa muhogo ya kuchemusha na samaki ya mugebuka ya kukaanga, nikala, nikacheka tena ili akumbuke.

"Mutani, una meno mingi," akasema.

Ndugu zangu, nisiwadanganye. Muhogo ilikuwa tamu, ziwa ilikuwa tulivu, milima ya ng'ambo ilikuwa inaonekana, na mimi nilikuwa natoka jasho kama muntu wa malaria. Mukono yangu ilikuwa inaenda mufukoni peke yake, inakuta hakuna kitu, inarudi, inasahau, inaenda tena. Nikasikia simu inatetemeka kwa paja. Simu iko kwa kiuno ya Mama Feza, paja yangu njo inatetemeka! Nikaanza kuwaza: group wananiandikia. Wananiita. Wameandika kitu ya maana kabisa juu ya mbuzi na mimi sijajibu.

Kumbe ya kuwaza ilikuwa ingine, jina ya mujomba. Hiyo sikuiwaza hata kidogo.

Boti ikakaribia kijiji chake. Mama Feza akashuka, maji mpaka magoti, chumvi kwa kichwa, na simu yangu kiunoni. Nikasema sasa atageuka. Kweli akageuka.

"Mutani! Umusalimie mama yako!"

"Mama Feza, haha, ee, simu, haha!"

"Haha nawe!" Akaenda. Kapiteni akawasha moteri.

Pembeni yangu alikuwa Papa Alfonsi, muvuvi aliyetoka pande za juu ya ziwa, akahamia Moba kutafuta samaki. Aliniangalia kwa huruma. "Kijana, juu ya nini unacheka na machozi inatoka?"

"Papa, ni utani."

"Kwetu utani hauna machozi. Chukua simu yangu, upige."

Nikashika simu yake na mikono miwili kama hostia. Nikafungua namba. Namba ya Mado? Kwa simu yangu imeandikwa "Oksijeni". Namba ya mujomba? Imeandikwa "Beau-Mujomba". Namba ya mama yangu? "Mama". Ya kwangu njo nilikuwa najua peke yake kwa kichwa. Nikapiga ya kwangu.

"Allô?" Mama Feza alijibu.

"Mama, ni mimi! Mwenye simu!"

"Muongo. Mwenye simu ni mimi." Akakata.

Papa Alfonsi akachukua simu yake, akaipangusa, akasema: "Na ninyi njo tunawalipia minerval ya masomo?"

Moba: kipande ya sabuni

Tulifika bandarini jua likianguka. Papa Alfonsi hakuniuliza nitalala wapi, alisema tu, "Beba huu wavu, twende." Kwake bibi yake alinipa bukari, ule ugali ya kwetu, na samaki mubichi wa ndimu, na watoto wao wakakaa mbele yangu kuniangalia, juu baba yao alikuwa amekwisha kuwaambia. Kila muntu akipita mulangoni aliambiwa: "Huyu njo ule alijipigia." Nikapiga tena ile namba yangu. Imezimwa. Bateri ilikuwa imekufa, na mimi nikasikia kama vile wameniambia ni ndugu yangu.

Kisha nikakumbuka mujomba. Mado alisema jina kwa audio. Ilianza na... ilianza na "Papa". Hapo njo kichwa yangu ilifika.

Asubuhi nikanunua sabuni ile ya muche, wanayokata na uzi, juu nilisema kama nitakataliwa, nikataliwe nikiwa safi. Nikaoga na nusu. Nusu ingine nikaifunga kwa karatasi, nikaitia mufukoni ya suruali. Mukono yangu ikaenda kule kama kawaida yake. Ikakuta kitu! Uzito ni ule ule, kona ni zile zile. Mwili yote ikatulia. Nilipumua mara ya kwanza tangu boti.

Najua munavyowaza. Jaribuni siku moja, kisha muje municheke.

Kupanda Kirungu: mujomba yupi?

Motari, muntu wa pikipiki, alinipandisha milima. Kule juu kuna baridi ya kweli, mashamba ya maharagi pande zote, njia inazunguka kama utumbo. Akaniuliza kwa bega: "Nikuache kwa nani?"

"Kwa mujomba ya Mado."

"Mado yupi?"

"Mado ya Kirungu. Anasoma Kalemie. Mweupe kidogo, anacheka na pua."

Alisimamisha pikipiki ili acheke vizuri. Akaweka kabisa mguu chini. "Kaka, huku kila mwanaume ni mujomba ya muntu. Umekuja kuoa, na hujue unaoa kwa nani?"

"Jina iko kwa simu."

"Na simu?"

"Iko kwa mutani."

Hiyo hakucheka. Alitingisha kichwa tu, kama muntu amesikia ugonjwa yenye jina. "Nikupeleke kanisani. Leo wajomba wote wako kule."

Kanisani

Kanisa ilikuwa imejaa, nikapenya kwa benchi ya nyuma, kati ya wazee wawili. Niliangalia migongo ya wanaume yote, moja moja, nikitafuta mugongo inafanana na Mado.

Sasa padri akamaliza mahubiri, akakaa, kanisa ikanyamaza. Na hapo, kwa mufuko ya muzee wa kuume, simu ikalia. Sauti ni ile ile ya simu yangu. Ninyi hamujui ile furaha. Mukono haikuniuliza. Ilitoa, ikaweka kwa sikio, na mimi nikasema lile neno nimekwisha kuwaambia. Karatasi ikaanguka. Sabuni ikabaki.

Hakuna muntu alicheka, na hiyo njo mubaya. Mama wa mbele aligeuka, akaangalia sabuni, akaangalia uso yangu, akafanya ishara ya musalaba.

Wakati wa matangazo, katekista, mwanaume mufupi wa sauti ya ngoma, akanishukia nyuma: "Kijana, uko muzima?" Nikamueleza kwa sikio, mbio mbio: mugeni, muchumba, mujomba, jina, simu. Nilifikiri atanisaidia polepole. Alirudi mbele akasema kwa watu wote:

"Ndugu, kuna kijana wa Kalemie hapa, ule wa sabuni. Amekuja kujionyesha kwa mujomba ya muchumba yake. Jina ya mujomba hajue. Muchumba ni Mado, anasoma kule. Mwenyewe akiwa hapa, asimame."

Hapo njo walicheka. Padri pia. Na hakuna aliyesimama. Nikaona benchi moja ya katikati, watu wanamusukuma mwanaume mmoja murefu kwa kiwiko, na yeye anaangalia chini kama muntu ameitwa na polisi. Mwisho akasimama nusu.

"Ni mimi," akasema. "Kwa bahati mubaya."

Kwa mujomba

Jina yake ni Papa Kalisti. Sasa naijua, hata munipige usingizini.

Alitembea mbele yangu mpaka nyumbani. Akakaa. Kiti ya pili ilikuwa pale, tupu, lakini hakunionyesha.

"Mado alinipigia jana analia," akasema. "Alikupigia, akajibu mwanamuke. Mado akamuuliza, mwenye simu iko wapi? Mwanamuke akasema: simu ni yangu, na ule kijana pia ni wangu, mama yake ananijua. Mado aliniambia nisikupe hata kiti."

Nikamueleza yote: boti, mbuzi, ukoo wa mama yangu, kikwembe. Alisikiliza jicho moja limefungwa. Kisha akachukua simu yake, akamupigia Mado, akanipa.

"Mado, ni mimi."

"Wewe na mama yako wa boti mukae vizuri." Tuu, tuu, tuu.

Papa Kalisti akachukua simu yake. "Huyo mama wa ukoo gani, umesema?" Nikarudilia. "Na wewe, ulikasirika?"

"Hapana, papa! Nilicheka."

"Ulicheka, na kisha?"

"Nilicheka tena."

"Na ulibeba nini yake?"

"Kubeba? Hapana papa, mimi niko muntu wa heshima."

Aliangalia juu, kwa majani ya nyumba, kama anaomba shahidi. "Mutoto wa watu! Mutani akibeba yako, wewe unabeba yake. Njo muchezo. Alikuachilia chumvi yake mbele ya macho, wewe unacheka tu. Huyo mama sasa anakaa kule anajiuliza, huyu ananidharau ama ni mugonjwa? Muntu akikutupia mupira, wewe unaushika unaulilia?"

Nusu ya pili njo hiyo, niliambiwa hapo, nikiwa wima.

"Sitakukataa leo," akasema. "Lakini sitakukubali. Rudi kwa huyo mama. Ubebe kitu yake, sawasawa, mbele ya watu. Kisha yeye mwenyewe kwa mudomo yake azungumuze na Mado. Mado akinipigia akiwa anacheka, njo nitakupa jibu. Asipocheka, usipande tena hii milima." Akaniangalia. "Sasa ukae. Maharagi itapoa."

Nilikula sahani mbili. Hofu inanipatishaga njaa.

Kurudi: beseni ya Mama Feza

Boti ya kurudi iliposimama kwa kile kijiji kushusha mizigo, niliruka majini kabla ya ubao. Mama Feza alikuwa pale pale ufukoni, anauza ndagala, wale samaki wadogo wa kukauka, beseni kubwa mbele yake, wamama wa boti wamemuzunguka. Alikuwa amesimama anabishana bei na mmoja. Kiti yake kidogo ilikuwa wazi.

Nikakaa.

"Wamama, mukuje!" nikapiga kelele. "Mwenye duka amekuja! Huyu alikuwa mutumishi yangu tu, anawaibia kipimo!"

Nikajaza kikombe ya kipimo mpaka juu, nikaongeza mukono mbili, nikamumwagia mama wa kwanza kwa kitambaa. Wa pili, vile vile. Mama Feza aligeuka, mudomo wazi.

"Wee! Mwizi! Ndagala yangu!"

"Haha nawe!" nikamujibu.

Nikaona uso yake inabadilika, na hapo nikaogopa kidogo, juu alikuwa na mukono ya kupiga muntu. Nikanyanyua beseni, nikaiweka kwa kichwa, nikatembea kwenda boti, kiuno nikiizungusha kama yeye. Watu wa ufuko wakapiga vigelegele. Ndagala ilikuwa inaniangukia kwa shingo. Nyuma yangu nikasikia anakimbia, kisha nikasikia amesimama. Nilipogeuka alikuwa amekaa muchangani, anacheka bila sauti, anajipiga mapaja.

"Kumbe ni muntu!" akasema alipopata pumzi. "Nilimwambia bwana yangu, ule mutoto wa mutani ni mugonjwa, hata kunyang'anya hajue. Hata nilitaka kutuma muntu akupelekee dawa!"

Akafungua kona ya kikwembe. Simu ilikuwa pale, inanuka samaki, imekufa. Tukaipeleka mbio kwa jirani mwenye panneau ya jua ya kuchajia simu, kapiteni anapiga kelele kwamba anaondoka sasa hivi, na kwa mara ya kwanza nikafurahi kujua maana ya hilo neno. Ilipowaka, nikamutafuta Oksijeni, nikamupa Mama Feza simu.

"Allô, mutoto yangu? Ni mimi tena, ule mwanamuke... Usikate! Mimi ni mutani ya mama yake. Niko na umri ya kumuzaa... Nilibeba simu, ndiyo... Hapana, hakuna kitu ingine nilibeba, angalia vile anafanana, nani angebeba?... Sasa amekuja kubeba beseni yangu... Kwa kichwa, mutoto yangu! Anatembea kama bata!"

Niliona mudomo yake inafunguka kwa kicheko. Akaweka simu kwa sikio yangu, nikasikia: Mado alikuwa anacheka na pua.

"Mwambie mama aniwekee ndagala," Mado akasema. Akakata kumupigia mujomba.

Jibu ilinikuta ziwani, kabla ya rezo kupotea: Papa Kalisti amekubali. Lakini siku ya kupeleka mahari, Mama Feza njo atanisemea, juu mimi, alisema, kwa mudomo yangu peke yangu sitafika.

Kalemie tena

Nikiwa chumbani nikafungua ile group ya promosiyo ambayo nilitokea jasho juu yake ziwani. Kulikuwa safu nzima: "Mesaje hii imefutwa. Mesaje hii imefutwa." Chini kabisa, muntu mmoja anaomba noti za statistike.

Nikamuuliza Trésor, aliyekuwa amelala chali na simu juu ya pua: "Munafuta nini hivi?"

Hakugeuka. "Kaka," akasema, "ulikosa kuonekana kwa WhatsApp toka asubuhi mpaka kesho yake. Muntu muzima anakosaka hivyo? Tukasema boti imezama, tukakuandikia 'pumzika kwa amani' wote. Na wa kwanza kuweka kidole gumba juu alikuwa Mado."